Mshono wa Puani

Jiwe la kwanza lilimpata Silvanus Rudd sikioni, la pili likamng'oa jino. La tatu lilimkosa yeye likampata askari aliyemshika mkono, na hapo ndipo askari walipokumbuka kwamba kazi yao ilikuwa kumlinda mfungwa, si kutazama.

"Mnyongeni hapa hapa!"

"Muuaji! Msaliti!"

Obadiah Crake, mchunguzi wa vifo wa wilaya, alijipenyeza katikati ya umati kwa viwiko, buti zake zimejaa tope la pwani. Binadamu bwana! Mwezi mmoja tu uliopita watu hawa hawa wa Sheerness walikuwa wakiwapigia vigelegele mabaharia walioasi, walipopita mitaani na bendera yao nyekundu wakidai malipo yao na ruhusa ya kwenda kuwaona watoto wao. Kisha meli za waasi zikaziba mdomo wa mto Thames, unga ukapanda bei, na Bunge huko London likapitisha sheria kwamba atakayeshirikiana na mwasi atanyongwa kama mwasi. Mapenzi yakaishia hapo.

Aliyekuwa akiuchochea umati alikuwa Barnabas Gutteridge, kiongozi wa genge lililowakamata vijana barabarani na kuwatupa melini wakapigane na Wafaransa, watake wasitake. Jitu lenye shingo ya fahali. Alimfikia Rudd kabla ya Crake, akamtandika rungu la mbavu kwa mkono wa kulia. Wa kushoto alikuwa ameuficha ndani ya koti. Rudd alijikunja akatema damu.

"Hilo la Luteni Tindall," Gutteridge akanguruma. "Lako mwenyewe bado."

"Mpige tena nikutie pingu wewe," Crake alisema.

"Nani, wewe? Mpekua maiti? Nenda kwa maiti zako, mzee, zisije zikakukimbia!"

Umati ulicheka. Crake hakucheka. Alimshika Rudd kwapani, akamsukuma ndani ya lango la ngome, na mlango mzito ukafungwa nyuma yao huku mawe yakiugonga.

Kanali Lascombe, mkuu wa ngome, alikuwa akiwasubiri uani. Alikuwa mtu mkavu, hana nyama usoni wala utani moyoni.

"Mzinga wa jioni ukilia," alisema, "huyu ataning'inia juu ya ukuta wa baharini. Meli zote za waasi zimwone."

"Maiti iliyookotwa pwani ni yangu kisheria, Kanali. Mpaka nitamke nani kaua."

"Tamka basi! Machela aliyoshonewa Luteni ni ya nani?"

"Ya Rudd. Jina lake limo."

"Kazi yake Rudd?"

"Msaidizi wa mshona matanga, meli ya Constancy."

"Na mjumbe wa waasi wa meli hiyo. Luteni wa Mfalme amepasuliwa kichwa, ameshonwa ndani ya machela ya mshona matanga, kwa mshono wa mshona matanga. Unangoja nini tena, malaika ashuke?"

"Nangoja mzinga wa jioni, kama wewe. Lakini nikithibitisha si yeye, hanyongwi. Niapie."

Kanali alimtazama kama anayetazama kiroboto. Kisha akaweka mkono kifuani. "Nakuapia kwa heshima yangu. Sasa toka mbele yangu."

Maiti ya Luteni Ambrose Tindall ilikuwa imelazwa juu ya meza katika ghala la kamba. Crake aliamuru Rudd aletwe na minyororo yake, akaketishwa pembeni. Askari kijana aitwaye Huckle aliambiwa ashike taa, na alikuwa ameanza kugeuka rangi kabla kisu hakijatolewa.

Machela ile ya turubai ndiyo kitanda cha baharia akiwa hai na ndiyo jeneza lake akifa. Hii ilikuwa imepasuka upande wa miguu, ambako matufe mawili ya mizinga yalikuwa yametiwa ili maiti izame. Tufe moja lilikuwa limetoboa kitambaa na kuponyoka, na ndiyo sababu Luteni alirudi pwani badala ya kukaa chini alikopelekwa. Lililobaki Crake alilishika. Lilimwachia unga mwekundu kiganjani.

"Huckle, hii nini?"

"Kutu, bwana."

"Rudd, melini kwenu matufe yana kutu?"

Rudd aliongea kwa shida, mdomo umevimba. "Kutu? Bosuni, mnyapara wetu, angetutoa ngozi za mgongo. Tunayakwangua na kuyapaka lami kila tukikosa la kufanya."

"Hivyo ndivyo nijuavyo. Hili halijaguswa tangu vita vya Marekani. Halikutoka kwenye meli yoyote." Aliliweka chini. "Machela yako ilifikaje hapa?"

"Mke wangu Keziah aliifua akaianika. Jumamosi tukakuta kamba tupu. Alipiga kelele mtaa mzima, muulize yeyote."

"Na Jumapili usiku, Luteni alipopotea?"

"Nilikuwa kwa mke wangu. Nani atamwamini mke wa mwasi?"

"Hakuna," Crake alisema, maana ndivyo ilivyokuwa.

Aliendelea kufumua mshono, kutoka miguuni kwenda kifuani, hadi usoni. Hapo alisita. Mshono wa mwisho ulikuwa umepita katikati ya pua ya Luteni. Nusura Huckle aangushe taa.

"Mungu wangu! Mtu gani anafanya ushetani huu?"

"Baharia yeyote wa meli za kivita," Crake alisema. "Ni desturi yao. Sindano ya mwisho hupitishwa puani. Mtu akiwa hajafa kweli, atashtuka, wamfungue. Nimewaona wengi pwani hii. Tena uzi wao huwa mweupe, Huckle, kwa sababu maiti haitoki damu. Lete taa karibu."

Uzi ule ulikuwa mweusi. Damu ilikuwa imemwagika mdomoni na mashavuni, ikagandia kwenye turubai upande wa ndani, na haikuwa tone moja mahali pamoja. Ilikuwa imepakwa huku na huku, uso ulipokuwa ukijitupa kulia na kushoto. Crake aliinua mikono ya marehemu. Kucha zilikuwa zimevunjika hadi kwenye nyama, na nyuzi za turubai zimenasa chini yake.

Miaka yote ya kazi hii hakuwahi kuona kitu kilichomtia hasira namna ile.

"Alizikwa hai," alisema.

Huckle alikimbilia mlangoni akatapika. Rudd alijaribu kusimama, minyororo ikamvuta chini. "Na aliyemshona?" aliuliza. "Si alimwona akishtuka?"

"Alimwona. Akaendelea kushona."

Taya za marehemu zilikuwa zimebana kama mtego wa panya. Crake alichukua mpini wa kijiko, akaupenyeza katikati ya meno, akakandamiza kwa uzito wake wote mpaka zikaachia kwa mlio. Chini ya ulimi kulikuwa na kitu. Alikitoa kwa kisu, akakiweka juu ya kitambaa. Ilikuwa ncha ya kidole gumba cha mtu, na ukucha wake wote.

"Safi sana, Luteni," alinong'ona. "Umeniachia shahidi."

Kisha akamgeukia Rudd. "Mikono juu."

Rudd aliinua mikono. Vidole kumi, vyote vizima, vigumu kama kwato.

Kanali aliitwa, akatazama kile kidole, akafuta midomo kwa leso. "Waasi wako elfu kadhaa, Crake. Alisaidiwa. Nionyeshe mwenye kidole hiki, au huyu apande ukutani."

Jua lilikuwa limeanza kuteremka. Huckle, aliyerudi akiwa mweupe kama mshumaa, alikohoa. "Bwana, yuko mzee Pennick, fundi wa matanga kule bandarini. Hana dole gumba."

Walikwenda mbio. Wakamkuta Pennick amekaa juu ya tanga lililokunjwa, akitafuna jibini na kitunguu. Crake alimshika mkono bila salamu. Kidole gumba hakikuwepo kweli, lakini kovu lilikuwa kavu na laini, limezeeka pamoja na mwenyewe.

"Kilikatwa na mnyororo wa nanga kabla huyu mtoto hajazaliwa," mzee alisema akimwonyesha Huckle. "Mmekiokota? Nirudishieni basi, nakikumbuka sana."

"Samahani, mzee."

"Samahani ya nini? Si mara ya kwanza serikali kunishika mkono wakati wa kula."

Walitoka. Huckle alikuwa karibu kulia kwa aibu, lakini Crake hakumlaumu, alikuwa akifikiri kwa sauti huku wakitembea.

"Aliyeshona ni baharia wa zamani, maana mtu wa nchi kavu hata asingeijua habari ya pua. Lakini matufe aliyatoa nchi kavu. Sasa niambie, wapi hapa mjini kuna rundo la matufe yenye kutu?"

"Nyuma ya baa ya Nanga Iliyopinda, bwana. Ile mizinga ya zamani ya ngome."

"Na nani wanalala katika baa hiyo?"

Huckle alisimama njiani. "Genge la Gutteridge."

"Na mkubwa wa Gutteridge alikuwa nani?"

"Luteni Tindall."

"Ijumaa Luteni alinitumia neno. Alisema Jumatatu atakuja kwangu kuhusu Lubbock, yule mwokaji mikate. Gutteridge aliniambia Lubbock aliteleza kwenye ngazi wakati wakimkamata, akafa. Nilizihesabu mbavu za Lubbock mwenyewe, Huckle. Hakuna ngazi inayompiga mtu pande zote mbili. Nilichokosa ni mtu wa kuapa kwamba aliona." Akaharakisha mwendo. "Jumatatu nilimngoja Luteni mpaka chai ikapoa. Tia risasi kwenye bunduki. Mwite na mwenzako."

Baa ilikuwa imejaa moshi na harufu ya kondoo wa kuchemsha. Gutteridge alikaa kichwani mwa meza ndefu, wenzake wawili kando yake, akila kwa mkono mmoja. Alipomwona Crake aliinua kikombe.

"Mpekua maiti! Karibu. Huyo mwasi ameshakiri?"

"Bado. Nimekuja kwako kwa sababu wewe ni mtu wa bahari. Kuna jambo silielewi." Crake alivuta benchi akakaa mbele yake. "Mtu akifa melini, anashonwaje?"

"Aa, hilo tu?" Gutteridge alifuta mafuta mdomoni. "Mzee, mimi nimeshona watu kabla hujajua kuvaa wigi. Unaanzia miguuni. Matufe mawili. Unapanda mpaka usoni. Sindano ya mwisho, puani."

"Puani! Kwa nini?"

"Ili ujue amekufa. Isije ikawa kalala."

Wenzake walicheka.

"Na akishtuka?"

"Akishtuka unamfumua, unampa pombe, unamshukuru Mungu. Hata mtoto wa melini anajua."

"Sasa," Crake alisema polepole, "mbona Luteni Tindall hukumfumua?"

Kijiko cha mtu kilianguka mahali fulani.

"Alishtuka, Gutteridge. Alishtuka, akakung'ata, na ukaendelea kuvuta uzi. Toa mkono huo nje ya koti."

"Mkono umeng'atwa na mbwa."

"Ninacho kidole mfukoni. Tukijaribishe."

Meza ilipinduka. Ilimpiga Crake kifuani ikamwangusha chali, na Gutteridge akaruka juu yake na rungu. Huckle alifyatua, risasi ikampata mmoja wa genge shingoni, naye akaanguka juu ya sahani za nyama akibubujika damu. Yule mwingine alichomoa kisu akakizamisha tumboni mwa askari wa pili, akakisokota, akakitoa. Askari yule alikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, asisimame tena.

Rungu lilishuka. Crake alijiviringisha, likapasua ubao pale kichwa chake kilipokuwa. Pigo la pili lilimpata begani na mkono ukafa ganzi. Gutteridge alimkaba koo kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto, wenye bendeji chafu, akaukandamiza sakafuni apate nguvu. Crake alikuwa ameanza kuona giza. Mkono wake mzima ulipapasa, ukakuta kikombe kizito cha madini ya risasi kilichodondoka mezani. Alikiinua akakipigilia juu ya ile bendeji, mara moja, mara mbili, mara tatu, kama mtu anayetwanga.

Gutteridge alitoa yowe ambalo watu wa gati walilisikia. Alijiviringisha akishika mkono, bendeji ikachomoka, na kila mtu mle ndani akakiona kidole gumba kisicho na ncha, chenye alama za meno pande zote mbili.

Huckle alimgonga kichwani kwa kitako cha bunduki. Aliyekuwa na kisu alikuwa ameshakimbia kupitia dirishani.

"Alinitazama!" Gutteridge alikuwa akilia sasa, jitu zima, damu na kamasi. "Nilidhani amekufa! Nimemdunga sindano, akafumbua macho, akanitazama! Ningefanya nini? Nimfumue aende akanitie kitanzi kwa ajili ya mwokaji mikate?"

"Ndiyo," Crake alisema, akishika koo lake. "Ungefanya hivyo."

Walipofika ngomeni, Keziah Rudd alikuwa langoni, amepiga magoti kwenye matope, shali yake imechanwa na wale wale waliomrushia mumewe mawe. Alimwona Gutteridge akiburutwa na pingu, akamwona Crake amejaa damu isiyo yake.

"Bwana Crake? Si yeye? Sema si yeye!"

"Si yeye, mama Rudd. Nenda kakoshe uso. Nakuletea mumeo."

Mwanamke yule alimshika mkono akaubusu, na Crake, ambaye hakuzoea kubusiwa na mtu, aliona haya. Aliingia ndani akiwa na furaha ya wazi kabisa. Mzinga wa jioni ulikuwa bado haujalia.

Kanali Lascombe alisikiliza kila kitu. Aliangalia kidole, akaangalia mkono wa Gutteridge, akaitikia kwa kichwa mara moja.

"Kazi nzuri. Huyu atanyongwa. Rudd hana hatia ya kifo cha Luteni."

"Basi nipe funguo za minyororo."

"Minyororo inabaki. Ni mjumbe wa waasi. Amri imefika mchana huu kutoka London. Mjumbe yeyote aliyekamatwa apelekwe mahakama ya kijeshi, na mahakama hiyo unaijua kama niijuavyo. Atanyongwa melini, kwenye foromali, boriti ya tanga, mbele ya wenzake."

Crake alihisi damu ikimpanda. "Uliniapia. Mkono kifuani."

"Nilimwapia raia, wakati wa vita, ili anipishe nifanye kazi."

"Askari wako amelala baa na utumbo nje kwa ajili ya kiapo chako!"

"Amekufa kwa ajili ya Mfalme."

"Amekufa kwa ajili ya mwongo," Crake alisema, na akamtemea mate kwenye kifungo cha dhahabu cha koti. Askari wawili walimshika. Kanali alijifuta, bila haraka, akaagiza aachiwe. Alisema mchunguzi bado ana maiti ya kuzika, na baada ya hapo ngome haitamhitaji tena.

Katika ghala la kamba, Rudd alikuwa tayari anajua. Huckle alikuwa amemwambia, kisha akatoka nje kulia. Mfungwa alikuwa ameomba sindano, uzi na turubai jipya, na sasa alikuwa akimshona Luteni Tindall upya, taratibu, minyororo ikigonga meza kila anapovuta mkono. Alikuwa ameshafika kifuani.

"Nimemwambia mkeo nitakurudisha," Crake alisema.

"Najua. Nimesikia sauti yake." Rudd hakuinua kichwa. "Ulifanya uliloweza, bwana. Kanisani watoto wangu hawataitwa watoto wa muuaji. Si haba."

"Ni haba, Rudd. Ni haba sana."

Rudd alishona mishono michache. Kisha alisimamisha sindano.

"Wenzangu watakuwa kwenye minyororo kama mimi. Wengine watanyongwa siku moja nami. Nimekuwa nikijiuliza nani atanishona." Alimtazama Crake kwa jicho moja, jingine likiwa limezibwa na uvimbe wa mawe. "Askari hawajui. Watanifunga kama gunia la viazi, na hawatahakikisha. Baada ya haya niliyoyaona, bwana, sitaki mtu asiyehakikisha."

Nje, mzinga wa jioni ulilia, madirisha yakatikisika. Crake alivua koti lake lililoganda damu, akakunja mikono ya shati, akavuta kigoda karibu na meza.

"Nifundishe," alisema.

Rudd alivua kile kiganja cha ngozi wanachovaa washona matanga, akamvisha Crake mkononi, akaukaza ukanda wake. Akampa sindano. Walifika usoni pamoja. Crake aliiweka ncha puani mwa Luteni, pale pale penye tundu la zamani, na mkono ukagoma.

"Usiogope kumwumiza," Rudd alisema. "Huyu ameshamaliza. Sukuma. Sasa mtazame usoni, usitazame uzi. Mtazame mpaka uwe na hakika."

Crake alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Haya," Rudd alisema. "Funga fundo. Na kwangu ufanye hivyo hivyo."